Nimuuzie kwa bei aliyoiona mtandaoni?

Shikamoo Mjomba,

Nina mambo mawili yananikera, na yote yanahusu vitu vya kuchezea. Nimeona nikuandikie wewe kwa sababu umenunua na kuuza vitu hivi miaka mingi, na najua hutanijibu kwamba hayo ni mambo ya watoto.

La kwanza. Katikati ya mwaka 2025 binti yangu alitimiza miaka 11, na alichokitaka kilikuwa kimoja tu: Labubu, yule mdoli wa manyoya mwenye meno ya kuchongoka. Madukani hayupo. Kwenye tovuti ya kampuni, kila nikifungua naambiwa wameisha. Nikaingia kwenye soko la mtandaoni, nikampata muuzaji mwenye nyota tano, nikanunua kwa zaidi ya mara tatu ya bei ya dukani. Binti alifurahi mpaka akalala naye. Hazikupita wiki mbili, kampuni ikatoa mzigo mpya, na muuzaji yule yule akawa anamuuza Labubu yule yule kwa karibu nusu ya hela niliyomlipa. Nilimwandikia maneno makali. Nilimwita mwizi, nikamwita mlanguzi asiye na haya. Akanijibu mstari mmoja: "Ndugu, ile ilikuwa bei ya siku ile." Sijamjibu mpaka leo, na mstari ule bado unanichoma.

La pili ndilo linaloninyima usingizi. Baba yangu alifariki miezi minane iliyopita. Ameniachia sanduku la vijisanamu vya filamu za Star Wars vilivyotengenezwa na kampuni ya Kenner, vya kuanzia 1978 mpaka 1983. Viko 29. Vingine vina silaha zao, vingine vimezipoteza. Kimoja, askari mweupe wa Stormtrooper, kina alama za meno mguuni. Ni meno yangu, nilipokuwa mdogo.

Mke wangu anashauri tuviuze, na sina ugomvi na wazo hilo, kwa sababu mahitaji ni mengi. Nilikaa jioni nzima na kalamu nikitazama matangazo, kila kijisanamu nikakiandikia bei, nikajumlisha. Kisha nikampelekea picha mfanyabiashara mmoja wa vitu vya kale vya kuchezea. Bei aliyonipa haifiki hata theluthi ya jumla yangu. Niliona ni dharau, tena dharau kwa marehemu.

Sasa kwenye kundi letu la wakusanyaji kuna kijana mgeni, hana hata mwezi tangu ajiunge. Ameona picha ya Boba Fett wangu wa 1979, mmoja wa wahusika wa filamu hizo. Ameona pia tangazo la Boba Fett anayefanana naye kabisa, mwenyewe akitaka maelfu ya dola. Kijana ananiandikia kwamba yuko tayari kunipa nusu ya bei ile, leo hii, mradi nisimpe mtu mwingine. Rafiki yangu ananiambia nichukue hela nikae kimya, wajinga ndio waliwao. Mke wangu ananitazama tu.

Mjomba, hizi bei wanazipanga vipi? Na mimi niliyelia kwamba nimelanguliwa, nichukue hela ya huyu kijana?

Mpwa wako,
Mwenye Sanduku

*

Marahaba mpwa wangu, na pole sana kwa kuondokewa na mzee. Nitaanza na kijana, kwa sababu yeye anasubiri jibu.

Usichukue hela yake kwa bei hiyo. Anakupa nusu ya bei ambayo hakuna mtu aliyeilipa.

Mtu akitaka kujua bei ya kitu, anaandika jina lake kwenye soko la mtandaoni, anatazama yanayojitokeza, anashika bei ya katikati au ya juu kidogo. Ndivyo ulivyofanya wewe na kalamu yako, na ndivyo alivyofanya kijana. Lakini hebu jiulize ni matangazo gani yanayobaki pale mpaka wewe uyakute. Boba Fett akiwekwa asubuhi kwa bei nzuri, mchana hamkuti. Kuna watu simu zao zinalia kila jina hilo likitokea. Akinunuliwa, tangazo lake linaondoka machoni pako. Aliyewekwa kwa bei ya kuruka hanunuliwi leo, hanunuliwi mwezi ujao, anabaki. Kwenye eBay, lile soko kubwa la mtandaoni, tangazo la bei isiyo ya mnada hujirudisha lenyewe kila mwezi mpaka liuzwe au muuzaji aliondoe. Tangu 2019 matangazo yote ya aina hiyo yanakwenda hivyo. Kwa hiyo ukurasa ulioutazama jioni ile ulikuwa umejaa vitu vilivyokataliwa. Ulikuwa unajumlisha bei ambazo wanunuzi wameziona, wamezisoma, wakapita.

Tena wauzaji wanatazamana. Anayeingia leo anakuta tangazo la maelfu, anaweka lake pungufu kidogo akidhani ameshusha sana. Wa tatu anamwangalia wa pili. Baada ya muda unakuta matangazo kumi yanayopeana ushahidi, na hakuna hata moja lililouza. Sisemi wote wana nia mbaya. Wengi ni watu kama wewe, wamefungua sanduku la mzazi wao, wameona bei ya mwenzao, wakaiamini.

Kitu cha kutazama ni vilivyouzwa. eBay wana kichujio cha kuonyesha mauzo yaliyokwisha fanyika, cha siku 90 hivi zilizopita. BrickLink, soko la matofali ya kuchezea ya LEGO lililoanza mwaka 2000 na ambalo LEGO wenyewe walilinunua 2019, linaonyesha mauzo ya miezi sita kwa kila seti na kila tofali. Soko lisiloonyesha mauzo, nunulia tu. Usilifanye kipimo cha bei. Na hata kwenye vilivyouzwa, soma kwa makini. Ukikuta bei imekatwa kwa mstari, ujue muuzaji alikubali ofa ya chini yake, na kiasi hasa kilicholipwa hukioni pale. Usishike mauzo ya mara moja ukayafanya ushahidi. Chukua matano au sita ya kitu chenye hali kama ya kwako, liache la juu kabisa na la chini kabisa, tazama yaliyobaki.

Mnada nao una tabia yake. Ukiandika dau lako la juu kabisa, mfumo haukutozi lote. Unakupandisha hatua moja tu juu ya yule anayekufuata. Maana yake bei ya mwisho ameiweka mtu wa pili. Wakikutana wawili wenye uchu siku moja, bei inapaa. Wiki inayofuata mmoja wao keshapata chake na hayupo tena, na kitu kile kile kinaondoka kwa nusu. Nimewaona wauzaji wanaoshika ule mnada wa wiki ya kwanza na kuubandika kwenye kila tangazo lao mwaka mzima.

Sasa Boba Fett mwenyewe, maana hapa ndipo kijana wako anapoelekea kuumia.

Mwaka 1979 Kenner walimtangaza kwanza kwa njia ya posta. Mtoto anakata alama nne za ununuzi kutoka kwenye kadi za vijisanamu vingine, yale makaratasi magumu vilivyobandikwa dukani, anazituma, analetewa Boba Fett nyumbani. Matangazo ya mwanzo yaliahidi kombora linaloruka kutoka kwenye begi la mgongoni. Kisha ikaingia hofu ya watoto kukabwa na vikombora vidogo vya aina hiyo, na Kenner wakalifunga kombora lisitoke. Wote waliofika mikononi mwa watoto ni wa kombora lisilotoka. Vile vya majaribio, vyenye kombora la kuruka, havikuuzwa madukani wala kutumwa kwa posta. Vilibaki vichache sana, na kimoja kiliuzwa 2024 kwenye mnada wa Heritage kwa dola 525,000. Habari ile ilitembea dunia nzima, na ndani yake jina lilikuwa Boba Fett na mwaka ulikuwa 1979, sawasawa na wako. Ukisoma kichwa cha habari tu, unakimbilia sandukuni.

Mchukue wako, umgeuze. Nyuma ya mguu utaona herufi ndogo mno, itabidi uziinamishe kwenye mwanga: G.M.F.G.I. na 1979. Hiyo ni General Mills Fun Group, iliyokuwa ikimiliki Kenner wakati huo. Tazama begi la mgongoni. Kombora jekundu limekaa tu, halisogei. Basi huyo ni wa kawaida, ndugu yao wale waliotengenezwa kwa wingi. Wa kawaida aliyetoka kwenye kadi yake, mwenye bunduki yake, huuzwa kwa makumi ya dola. Makumi, mpwa wangu. Kijana anataka kukupa hela ya watu wengi kwa sababu amesoma tangazo la mtu mmoja.

Endelea kumkagua. Inua mkono wake uone kama unabaki juu au unalegea na kuanguka. Tazama rangi ya kofia na ya kifuani, maana huanza kukwaruzika pale kwanza. Halafu ile bunduki, kitu kisichofika urefu wa kidole gumba. Mtu asiyeuza vitu hivi hawezi kuamini jinsi kipande hicho cha plastiki kinavyobeba bei. Kijisanamu kisicho na silaha na chenye silaha yake ni bidhaa mbili tofauti, na kwa baadhi ya wahusika silaha au joho peke yake lina thamani kuliko mwili. Ndiyo maana silaha za kuigiza ziko kila mahali. Watu huzitumbukiza kwenye maji, kwa kuwa nyingi za zamani huelea na nyingi za kuigiza huzama. Mimi kipimo hicho sikitegemei peke yake, natazama pia kingo na mng'aro, nalinganisha na ninayoijua. Ukikuta Jawa sandukuni, yule mfupi wa kahawia, mwangalie joho. Wa mwanzo kabisa wa 1978 walivaa joho la plastiki, muda si mrefu likabadilishwa kuwa la kitambaa. La plastiki ndilo la bei, na ndilo linaloghushiwa sana, mengine yakikatwa kutoka joho la mhusika mwingine. Ukimwona wa plastiki, usimuuze kwa mtu yeyote kabla hajapita mikononi mwa wanaojua.

Nije kwa mfanyabiashara aliyekupa chini ya theluthi. Umeiona dharau. Twende kwenye hesabu yake, na tuchukue 100, ya sarafu yoyote unayoitaka.

Anauza kitu kwa 100. Soko linakata ada. Kwa eBay ya Marekani, bidhaa nyingi ni zaidi kidogo ya asilimia 13, na inakatwa kwenye jumla yote aliyolipa mnunuzi, hata ile sehemu ya kusafirisha. Tuseme 14 imekwenda. Ametangaza kwamba usafirishaji ni bure, kwa hiyo 8 ni ya posta. Boksi, karatasi za mapovu, utepe: 2. Kisha kuna vifurushi vinavyopotea, vinavyovunjika, na wanunuzi wanaorudisha kitu kikiwa na hali tofauti na kilivyotoka. Mwenye akili hutenga 4 kwa kila 100. Imebaki 72. Bado hajajilipa saa za kupiga picha, kuosha, kuandika maelezo na kujibu watu ishirini wanaouliza bei ya mwisho ni ngapi. Akitaka cha juu cha 22 tu, inabidi akinunue kwa 50. Ndiyo maana wafanyabiashara wengi wa kazi hii hawavuki nusu, na nusu hiyo ni ya bei inayouzika, siyo ya bei ya kwenye tangazo.

Na wewe humpi Boba Fett peke yake. Unampa vitu 29 kwa mkupuo. Vitano au sita vitatoka wiki ya kwanza. Vilivyobaki, vile visivyo na silaha na vyenye miguu iliyolegea, vitakaa rafuni kwake mwaka mzima vikila nafasi. Anavinunua ili apate vile vitano. Sasa chukua jumla yako, ambayo ilitokana na bei zilizokataliwa, ilinganishe na nusu ya bei za kweli, kisha punguza mzigo wa vile vinavyosuasua. Kwa jinsi ulivyoieleza, naona theluthi yake haikuwa ya kukudharau. Inawezekana hata alikuwa mkarimu. Ukitaka kuipata ile sehemu aliyoibakiza, ipo njia, nayo ni kuifanya kazi yake wewe mwenyewe: piga picha, osha, andika, funga, tuma, subiri. Wengine wanaona inalipa. Wenye kazi nyingine ya kutwa mara nyingi hawaoni hivyo, na hakuna aibu yoyote katika kuuza kwa jumla ukalala usingizi.

Kuna kitu kingine ndani ya jumla yako, na hiki nakisema kwa upole. Mwaka 1990 Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walichapisha majaribio ambayo wanafunzi kadhaa walipewa vikombe vya kawaida na wengine hawakupewa. Wenye vikombe walitaka kuviuza kwa karibu mara mbili ya ambacho wasio navyo walikuwa tayari kulipa, tena ni vikombe walivyovishika dakika chache tu. Wewe umeshika sanduku la baba yako. Hakuna mfanyabiashara atakayekulipa yale meno mguuni. Kwake yeye ni hitilafu, atakiweka kwenye kapu la vya bei ya chini na atakuwa sahihi kabisa. Kitoe kijisanamu hicho sandukuni kabla ya kuanza hesabu yoyote. Mauzo yaanzie kwenye 28.

Sasa Labubu, na yule uliyemwita mwizi.

Kitu kinachotengenezwa bado kina bei mbili: ya dukani, na ya muda. Ulipomhitaji, siku ya kuzaliwa ilikuwa imekaribia na maduka yalikuwa matupu. Mei 2025 Pop Mart, kampuni ya Labubu, walifikia hatua ya kusitisha kuuza Labubu kwenye maduka yao ya Uingereza kwa sababu ya vurugu za foleni. Wakati huo muuzaji alikuwa anakuuzia kutosubiri. Kutosubiri kunaharibika haraka kuliko samaki. Mwezi Juni kampuni ikamwaga mzigo, foleni ikapungua, na bei za mkononi zikaporomoka kwa wote, waliouza na waliohodhi. Yeye pia inawezekana alibaki na maboksi aliyoyanunua ghali.

Mwenye kuuza vitu vya namna hii anaishi na hofu hiyo kila siku, na hofu hiyo nayo imo ndani ya bei. Chukua seti ya LEGO ya chombo cha Millennium Falcon namba 10179, ya 2007. Ilitoka ikiwa karibu dola 500. Ilipoacha kutengenezwa ikapanda mpaka maelfu, watu wakaziweka chumbani bila kufungua kama akiba ya uzeeni. Mwaka 2017 LEGO wakatoa Falcon nyingine, kubwa zaidi, namba 75192, kwa karibu dola 800, na bei ya ile ya zamani ikaanguka. Mwenye kiwanda ndiye mwenye mpini. Kwa hiyo muuzaji wa kitu kipya anapanga bei akijua kwamba asubuhi yoyote anaweza kuamka akute kimerudi dukani, na anakutoza hatari hiyo mapema.

Vya baba yako haviko kwenye hatari ya namna hiyo. Hakuna kiwanda kitakachorudi 1979. Vina bei kwa sababu ndogo inayosahaulika: watoto walivichezea, wakavivunja, wakazipoteza bunduki bustanini, mama zao wakavitupa. Vilivyobaki ni masalia. Linganisha na vijisanamu vya Star Wars vilivyotoka upya 1995. Wakati huo kila mtu alikuwa amejifunza somo, akanunua viwili viwili, kimoja cha kufungua na kimoja cha kuweka. Vingi vipo mpaka leo kwenye kadi zake, safi kabisa, na bei yake ni ya kusikitisha. Beanie Babies, wale wanasesere laini wa wanyama, ndiyo hadithi ile ile kwa ukubwa zaidi. Kwa hiyo mtu akikuandikia kwenye tangazo kwamba bidhaa ni "toleo la wakusanyaji", shika mfuko wako. Kikitunzwa na wote, hakiwi adimu.

Kuhusu ulanguzi, nina msimamo wangu na siuhamishi. Anayezunguka kwenye masanduku ya vitu vilivyotumika, akaosha, akatafuta bunduki inayokosekana mwezi mzima, akaandika ukweli kwenye tangazo, huyo ni mchuuzi, na cha juu chake amekitolea jasho. Anayetumia programu za kununua kwa kasi ili akombe mzigo wote dakika ile unapotoka, kisha awauzie wale wale aliowazuia kununua, huyo ndiye mlanguzi, na hela yake simwonei wivu. Mbaya zaidi ni wa tatu: anayetumia akaunti ya rafiki kupandisha dau kwenye mnada wake mwenyewe. Masoko makubwa yamepiga marufuku mchezo huo, na ukiuona ripoti bila kusita. Muuzaji wako wa Labubu hujanipa ushahidi kwamba ni wa pili au wa tatu. Alikuambia bei, ukaijua, ukaikubali, akakuletea kitu halisi, na mtoto akalala naye. Ulikuwa na haki ya kuumia. Neno mwizi halikuwa haki yake. Mwandikie mistari miwili umwombe radhi. Hutapata hela yako, lakini mstari wake utaacha kukuchoma.

Nirudi kwa kijana, maana umeniuliza swali lingine chini ya lile la bei. Ulipomwandikia muuzaji wa Labubu, kilichokuuma ni kwamba alijua kitu ambacho wewe hukukijua. Kwa kweli hakukijua. Mzigo mpya ulimshtukiza kama ulivyokushtukiza wewe. Lakini wewe leo unajua. Umeshika Boba Fett mkononi, umeona kombora halisogei, umesoma bei za vilivyouzwa. Ukichukua maelfu kwa kitu cha makumi, ukakaa kimya, utakuwa umefanya hasa kile ulichomtuhumu mwenzio. Na kijana atajua. Atajua baada ya wiki chache tu, akishajifunza kichujio kile, na atajua mbele ya kundi zima, mahali ambapo bado una vitu 27 vya kuuza. Rafiki yako hakuihesabu hiyo. Lakini hata kama kundi lisingejua kamwe, jibu langu lingekuwa lile lile.

Mwandikie leo, kabla hajakopa. Kitu kama hiki kinatosha:

"Habari ndugu. Nashukuru kwa ofa yako, ila siwezi kuipokea, ni kubwa mno. Tangazo uliloliona halijauzwa. Fungua vilivyouzwa vya miezi hii mitatu, tazama Boba Fett wa 1979 asiye na kadi, mwenye bunduki. Wangu ni wa kawaida, kombora halitoki. Rangi imekwaruzika kidogo kofiani, mkono wa kulia umelegea, nakutumia picha za pande zote na ya maandishi ya mguuni. Ukishaona mauzo matano, niambie wewe unaona bei gani inafaa. Nitakushikia mpaka Jumapili."

Badilisha maelezo ya hali yalingane na ulivyomkuta. Bunduki ipige picha ikiwa peke yake, karibu, juu ya karatasi nyeupe, pande zote mbili. Mkikubaliana, mfunge ndani ya mfuko mdogo wa plastiki, bunduki kwenye mfuko wake mbali naye, kisha boksi gumu lisilobonyea, na utume kwa njia yenye namba ya kufuatilia. Bunduki hizi huchomoka njiani, na mtu akifungua kifurushi akaikosa, anakuwa amepokea bidhaa nyingine.

Mjomba